Keki Iliyochongwa Mfano wa Meli

Mara nyingi wake wa walimu wenzetu wameniuliza jinsi ya kuchonga keki hata ipate umbo la kitu, kama samaki, au nyumba, au motokaa, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto. Hapa mjini Mwanza wapo mafundi hodari wa kazi hiyo, wake kwa waume, na kazi yao yapendeza. Lakini bei yake yalemea mshahara wa mwalimu, tena mtoto aliyemwona mamaye akichonga huila keki ile kwa furaha ya namna nyingine. Nami nimechonga si chache. Nyingine zilinipendeza, nyingine zilinitia haya mbele ya wageni. Leo nataka kuwaeleza habari ya moja tu, nayo ni meli, maana katika hiyo nalijifunza mengi kuliko katika zote, na aliyenifundisha hajapata kuoka keki hata siku moja.

Mwanetu wa mwisho alikuwa karibu kutimiza miaka 7. Nyumba yetu ipo mlimani kati ya majabali, upande wa Bugando, na mtu akisimama kibarazani petu huliona ziwa na vyombo vyake. Tarehe 12 Februari 2023, ilipoteremshwa majini ile meli mpya, MV Mwanza, iliyoundwa papa hapa katika bandari ya Mwanza Kusini, baba yake alimbeba mabegani akaenda kumwonyesha. Meli ile ina urefu wa mita zaidi ya 92, nayo imeundwa kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Mtoto alikuwa mdogo bado, lakini tangu siku ile hakuchora kitu kingine ila meli: daftarini, mchangani, hata ukutani kwa mkaa, akakemewa. Basi nilipomwuliza ataka keki ya namna gani, hakufikiri hata kidogo.

"Meli, mama. Yenye sitaha nne."

Bibi yake, mama mzaa mume wangu, ambaye mimi humwita Mama, alikuwa karibu akipepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. Akanena, "Samaki, sawa. Nyumba, sawa. Meli haikatwi kwa kisu mbele ya macho yangu." Kisha akaendelea kupepeta, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kumjibu.

Wenyeji wa ziwa hili wamekwisha kufahamu. Kwa ajili ya wasomaji walio mbali nitaeleza. Siku ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo. Kiasi chake kilikuwa abiria 430, nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi hicho. Tena tangu zamani ilijulikana kuwa haikutulia vema majini. Waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 800, wala hesabu kamili haikupatikana, kwa sababu wengi waliopanda hawakuandikwa majina yao popote. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, hapa hapa mjini. Kaka yake Mama alikuwa amekwenda Bukoba kununua ndizi. Hakurudi, na maiti yake haikuonekana, wala jina lake halikuwamo katika karatasi yoyote ambayo ndugu zake wangeweza kuonyeshwa.

Msidhani kwamba Mama huchukia sikukuu ya kuzaliwa. Yeye mwenyewe hajui tarehe yake. Kwa Wasukuma wa rika lake mtoto hakuwekewa tarehe, bali mara nyingi jina lake lilikuwa ndiyo habari ya kuzaliwa kwake: aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Mabula, aliyezaliwa wakati wa njaa Nzala, mapacha wakaitwa Kulwa na Doto, na yule awafuataye mapacha akaitwa Shija. Mama hupenda sana kwamba wajukuu wake wameandikiwa siku zao katika kadi za kliniki, na kadi hizo ndiye azitunzaye, sandukuni mwake, chini ya kanga mpya. Basi neno lake lilinitia mashaka makubwa. Jioni nikamwita mtoto nikamwambia tutafanya samaki, sato mkubwa mwenye magamba ya biskuti. Akajibu, "Sawa, mama." Hakulia, wala hakuuliza sababu. Kesho yake nilipokuwa nikikunja matandiko nikaukuta mchoro wa meli chini ya mkeka wake, umekunjwa mara nne.

Nikauchukua mchoro nikampelekea Mama, nikamwekea magotini pasipo kusema neno. Akautazama muda mrefu. Mwisho akasema, "Mchongee, mwanangu. Habari ya kukata tutaitazama siku yake." Nami sikutaka kuongeza neno, nikaondoka kabla hajageuza nia.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Nalioka siku ya Alhamisi, ingawa sherehe ilikuwa Jumamosi. Keki iliyotoka motoni siku ile ile haichongeki. Hubomoka kama kichuguu kilichonyeshewa. Tena isiwe keki nyepesi. Inayofaa ni ile ya mizani sawa: unga wa ngano gramu 500, siagi gramu 500, sukari gramu 500, na mayai ya uzito uo huo bila maganda, yaani makubwa 10, au ya kuku wa kienyeji 12 au 13. Piga siagi na sukari hata zigeuke kuwa nyeupe, tia mayai moja moja, kisha unga uliochekechwa, na ganda la malimau 2 lililoparuzwa. Kuhusu ule unga wa kuumulia uuzwao katika mikebe midogo, wenzetu wa pwani hutia vijiko 2 vya chai, lakini mimi hutia kimoja na nusu. Ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Basi viputo vilivyomo ndani ya keki hutanuka upesi kupita nguvu ya unga, keki ikapanda kwa majivuno, kisha ikabonyea katikati. Nalisumbuka na jambo hilo miaka 2 kabla sijajua sababu yake.

Sina joko la umeme. Nina tini 2 za mstatili alizonitengenezea fundi bati, kila moja urefu wake sentimita 25 na upana 12. Huweka mchanga mkavu, uliooshwa vema, chini ya sufuria kubwa, tini juu ya mchanga, kifuniko juu, na makaa juu ya kifuniko kuliko chini. Kama huna uhakika na moto, tia kwanza kipande cha karatasi nyeupe ndani ya sufuria tupu. Kikigeuka rangi mara moja, moto ni mkali mno, punguza makaa. Kikigeuka polepole na kupata rangi ya mchanga wa pwani, moto ni mzuri. Keki ya kina hiki hutaka saa moja na zaidi kidogo, na ijaribiwe kwa kijiti chembamba katikati.

Ijumaa mchana, watoto walipokuwa shuleni, nikaanza kuchonga. Kwanza nikachora umbo la meli juu ya karatasi kama ionekanavyo na ndege aliye juu: mbele, yaani omo, imechongoka, nyuma, yaani tezi, imeviringika. Nusu ya keki ya pili nikaiunga na keki ya kwanza kwa sukari ya kupakia, ile ambayo wengi huiita aisingi, nikapata meli ya sentimita 37. Msione haya kuunga vipande. MV Victoria, iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1961, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari, ikapandishwa gari moshi hata Kisumu, na huko ikaunganishwa tena. Nayo ilifanyiwa matengenezo makubwa ikarudi kazini mwaka 2020. Kama chombo cha namna ile chaweza kuungwa, keki yaweza.

Kisu kiwe kirefu chenye meno, cha kukatia mkate, nacho kivutwe mbele na nyuma bila kukandamiza. Laza karatasi juu ya keki, ishike kwa njiti za meno, ukate wima kuifuata. Kata kidogo, simama mbali kidogo, utazame, ukate tena. Wengi huharibu kwa haraka ya kutaka kuona sura ya kitu. Hata hivyo, sisi tumepewa nafasi asiyopewa mchonga mitumbwi: tukikata kupita kiasi, twarudisha kipande kwa aisingi, na hakuna ajuaye. Ila ubavu wa meli usiuchonge kuingia ndani sana kuelekea chini, ijapokuwa meli za kweli ndivyo zilivyo, maana keki haina mbavu za chuma. Chini pawe papana.

Makombo yote nikayatia bakulini. Yashikeni sana makombo. Mtaona faida yake.

Aisingi ni siagi gramu 250 na sukari ya unga gramu 500. Katika joto letu naongeza gramu 100 za sukari ili isilainike upesi. Upakaji wa kwanza uwe mwembamba kama chokaa ya kwanza ya ukuta, kwa kushika makombo tu, kisha keki ipumzike mahali pa baridi hata ikauke, ndipo upakaji wa pili. Nusu ya keki iliyobaki nikaikata vipande vyembamba 4, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia, nikavipanga kimoja juu ya kimoja. Hizo ndizo sitaha zake nne. Juu kabisa nikasimamisha dohani ya biskuti za mviringo zilizogandishwa pamoja, 5 kwa hesabu. Nikairudisha jokofuni nikaitazama kwa kiburi, nami naungama hapa.

Hata ilipopata saa tatu usiku umeme ukazimika, nao haukurudi. Wadudu wadogo wa ziwa, wale wapandao angani kama moshi, walikuwa wamekwisha kuuona mwanga wa taa yetu, wakaanza kuingia. Wakikaa juu ya aisingi hawatoki. Nikaitoa meli jokofuni kabla joto halijashika, nikaiweka mezani, miguu ya meza ndani ya makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi, na chandarua juu ya vyote. Nikaenda kulala nikiwa na wasiwasi. Usiku wa manane nikaamka nikachukua taa. Meli ilikuwa imelala upande wa kushoto. Sitaha zote nne zilikuwa zimeteleza, dohani imeinama kama mtu aulizaye njia, na ubavu wa chini umeanza kupasuka.

Nikageuka nimwone Mama amesimama mlangoni, kajifunga kanga. Nalitamani kuifunika. Akaja karibu, akaitazama pande zote, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anenaye habari za shamba, "Umeweka mzigo juu, mwanangu. Chini hamna kitu."

"Mtoto ametaka sitaha nne, Mama."

"Mtoto hajui. Nahodha ndiye ajuaye. Teremsha mbili."

Tukazivua sitaha mbili za juu pamoja na dohani. Nikamwuliza tuzifanyeje, naye akasema chombo hutaka farumi, yaani ule uzito uwekwao chini ili chombo kitulie. Hapo nikakumbuka makombo. Tukazivunja zile sitaha mbili, tukazichanganya na makombo na aisingi iliyobaki hata ikawa kama udongo wa kufinyangia, kisha tukaushindilia chini kwenye pande zote mbili za meli, tokea omo hata tezi. Mama ndiye aliyefinyanga. Vidole vyake vimezoea kukandika kuta, na kazi ile ilimwelea mara moja kuliko ilivyonielea mimi. Katikati tukachomeka vijiti 2 safi vya mianzi, kutoka sitaha ya juu hata ubao wa chini. Kisha nikatia rangi ya chakula tone moja tu katika aisingi kidogo, tukaupaka ule ukingo, ukawa mawimbi. Mtu asiyejua angedhani mawimbi ni pambo, kumbe ndiyo yaliyoishika meli. Beseni la maji baridi tukalitia chini ya ubao na kitambaa kibichi kuzunguka, na upepo wa ziwa ukafanya kazi ya jokofu hata asubuhi.

Tulipokuwa tukinawa mikono Mama akanieleza habari za kaka yake, jinsi alivyopenda kuimba akiendesha baiskeli, na jinsi walivyongoja bandarini siku 3. Miaka 14 nimekaa naye nyumba moja, nalikuwa sijapata kusikia.

Asubuhi mtoto alikuja mbio, akaizunguka meza, akahesabu. "Bibi, mbona sitaha ni mbili?"

"Kwa sababu hii itafika," akasema Mama.

Nayo ilikuwa nzuri, japo si kama mchoro. Abiria walikuwa pipi za rangi, moja kwa kila mtoto aliyealikwa, zimesimamishwa sitahani kwa aisingi. Lakini kabla hazijapandishwa Mama akaagiza karatasi na kalamu. Akamwambia mjukuu wake, "Andika majina. Hapandi mtu asiyeandikwa." Mtoto wa miaka 7 huandika polepole, na majina yalikuwa 27, baba yake akataka kumsaidia, Mama akamkataza. Ikachukua karibu saa nzima. Nyanja na Nyanda ziliandikwa sawasawa, na jina la rafiki yake wa karibu lilikosewa mara mbili likafutwa. Kila jina lilipokwisha kuandikwa, pipi moja ikawekwa. Mimi nalikuwa na pilau motoni, nikaona haraka yangu haina nafasi.

Wageni walipokuja, wakaimba, mshumaa ukazimwa, na watoto wote wakakazia macho kisu. Nami nikamtazama Mama. Akasimama na ile karatasi mkononi. "Meli imefika Bukoba," akanena. "Abiria washuke kwanza." Kwa kuwa yeye hakupata kusoma, akampa mjukuu karatasi aite. Akaita jina moja moja. Kila aliyeitwa akaja akamshusha abiria wake, akala au akatia mfukoni, na jina lake likapigwa mstari. Hakuna aliyesukumana. Walimu mtanielewa nikisema kwamba watoto 27 walikaa kimya mbele ya keki kwa muda wa robo saa, nami sijapata kuona jambo la namna ile shuleni wala nyumbani.

Karatasi ikaisha. Sitahani ikabaki pipi moja, nyekundu, karibu na tezi.

"Bibi, umekosea hesabu," akasema mtoto.

"Sikukosea," akajibu Mama. Akainama, akaishusha ile pipi kwa vidole viwili, akaifunga katika pindo la kanga yake. Kisha akaushika mkono wa mjukuu wake juu ya kisu, wakakata pamoja wakianzia nyuma.

Keki ya mizani sawa haiharibiki upesi. Yetu ilikaa hata Jumanne katika bati lililofunikwa, ingawa siku ya mwisho yalisalia mawimbi tu. Mwaka huu mtoto ataka gari moshi. Nami sijakata hata karatasi, lakini Mama amekwisha kuniuliza litakuwa na mabehewa mangapi, na kama kila behewa litakuwa na mlango.